Usifute Kabla ya Kuandika: mazungumzo na mafundi na wenye magari kuhusu mashine ya kupima

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza, habari za mchana. Mada yetu ni mashine ya kupima gari, hii skana ambayo siku hizi karibu kila gereji inayo. Nitaanza na jambo linaloniuma.

Gari linaingia gereji, taa ya injini imewaka. Fundi anachomeka mashine, inatoka P0171, msimbo wa hitilafu. Anatamka palepale, "oksijeni sensa imekufa," yaani kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Mwenye gari anatumwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta spea, inafungwa, msimbo unafutwa, taa inazimika, hela inalipwa. Wiki haijaisha, taa imewaka tena, na ile sensa iliyotupwa ilikuwa nzima. Mwenye gari anaondoka akisema mafundi ni wezi. Fundi yule hakuiba. Aliamini mashine imemwambia kitu ambacho haikumwambia.

P0171 inasema hivi tu: upande wa kwanza wa injini, hewa ni nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imejitahidi kuongeza petroli mpaka imefika ukingoni. Basi. Oksijeni sensa ndiyo iliyoleta habari hiyo, na wahenga walishasema mjumbe hauawi. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka. Petroli inaweza kuwa haitoshi kwa sababu pampu imechoka. Sensa ya hewa inaweza kuwa na vumbi. Msimbo umekuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Muundo wa msimbo nitaupitia haraka. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki za ABS, na U ni mawasiliano kati ya kontroli boksi moja na nyingine. Namba ya kwanza ikiwa 0, maana yake ni moja kwa kampuni zote. Ikiwa 1, mara nyingi ni msimbo wa kampuni yenyewe, kwa hiyo P1 ya Toyota usiisome kwa maelezo ya Nissan. Inayofuata inataja eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi, 4 ni mifumo ya kupunguza moshi mchafu.

Na moshi ndio chanzo cha yote haya. Marekani iliyabana magari madogo yote kuanzia modeli za 1996 yawe na soketi hii ya matundu 16 tunayochomeka mashine, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001. Sheria ililenga hewa ya mijini. Ndiyo maana mfumo huu unafuatilia zaidi vitu vinavyogusa moshi. Bushi, zile raba za chini ya gari, zikiisha, mashine haitakwambia. Mtu akisema "nimepima kwa kompyuta, gari halina tatizo," muulize kama aliingia chini yake.

Sisi tuna jambo letu la ziada. Magari yetu mengi yametengenezwa kwa soko la Japani. Soketi utaikuta ileile, lakini mengi ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayaitikii vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyoitwa ELM327. Usikimbilie kusema kontroli boksi imeungua. Tafuta mashine inayojua lugha ya kampuni husika. Toyota nyingi za wakati huo unaweza kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi na kuhesabu mwako wa taa. Ila kaa mbali na tundu la 16, hilo lina moto wa betri muda wote.

Kabla ya kusoma chochote, pima betri. Ikiwa imejaa na injini imezimwa utaona karibu volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Umeme ukishuka, kontroli boksi zinapotezana na utapata rundo la misimbo ya U ambayo haina ukweli wowote ndani yake.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kazi ilipo. Msimbo unapoingia, kontroli boksi huhifadhi hali ya injini ya wakati uleule: mzunguko, spidi, joto la maji, mzigo. Kwenye mashine nyingi za Kiingereza imeandikwa freeze frame. Iandike yote, au ipige picha kwa simu. Tuseme una P0300, injini inamisi bila mpangilio, yaani silinda zinakosa kuwaka, mara hii mara ile. Ukikuta joto la maji lilikuwa digrii 30 na gari limesimama, ujue hitilafu ni ya asubuhi injini ikiwa baridi, na ukilipima saa nane mchana likiwa limechemka hutaona kitu. Ukikuta digrii 92 na mzigo mkubwa, lipeleke mlimani. Ukibonyeza kufuta kabla ya kuandika, ushahidi huo umeutupa, na mteja wako atalipia kubahatisha kwako.

Turudi kwenye P0171 yetu. Fungua data za moja kwa moja, tafuta fuel trim, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza. Kuna ya muda mfupi na ya muda mrefu, zijumlishe. Injini ikiwa na afya, jumla hucheza karibu na sifuri, tuseme ndani ya 10 juu au chini. Acha injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, andika. Kisha ipandishe mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ishikilie hapo, andika tena.

Kwa injini yenye sensa ya kupima hewa kwenye njia ya eya klina, namba hizo mbili zinaongea. Ikiwa sailensa ni +24 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5, kuna hewa inaingia kwa wizi baada ya sensa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, bomba la vakyumu lililochomoka. Uvujaji ule ni mkubwa ukilinganisha na hewa kidogo ya sailensa, lakini injini ikivuta hewa nyingi unamezwa. Ikiwa kinyume chake, sailensa +4 na ukikanyaga inapanda hadi +20, tazama pampu, filta ya petroli, au uchafu kwenye sensa ya hewa. Dakika chache tu, na hujafungua boliti hata moja.

Kwenye kumisi pia kuna njia isiyo na gharama. Mashine imesema P0302, silinda ya pili, na kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi moto. Hamisha koili ya pili ipeleke ya nne, ya nne ije ya pili. Futa, kwa kuwa umeshaandika, kisha endesha. Ukirudi P0304, koili ni mbovu na umeithibitisha. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Nenda kwenye plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni. Na wenye gari, taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, simameni. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na kuyayeyusha.

Hayo masega nayo tunayaonea sana. P0420 ikitoka, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, wapo wanaoyakata na kuyauza kwa ajili ya madini ya platini, paladi na rodi yaliyomo. Mwenye gari anabaki na taa inayowaka na moshi unaowaumiza watu barabarani. Kabla ya kuyahukumu, hakikisha ekzosi haivuji na injini haimisi, kisha tazama oksijeni sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega. Gari likiwa limechemka na kukanyagwa kwa utulivu, volti yake inatakiwa ikae karibu mahali pamoja. Ikipanda na kushuka haraka haraka kati ya 0.1 na 0.9, hapo masega yana kesi ya kujibu.

Mwisho, wanunuzi wa magari yaliyotumika. Ukifuta misimbo, vipimo vya ndani vya gari navyo vinarudi sifuri, na gari linahitaji kuendeshwa kwa hali mbalimbali mpaka vikamilike. Kwa hiyo ukienda kukagua gari, usiishie kuona "hakuna msimbo." Fungua ukurasa wa I/M readiness, unaoonyesha vipimo hivyo vimekamilika au la. Ukikuta vipimo vingi havijakamilika, kuna mtu amefuta misimbo karibuni, au betri imechomolewa. Mwulize muuzaji kwa upole ni lipi kati ya hayo mawili, mwombe mliendeshe pamoja kwa muda wa kutosha, kisha msome tena mbele yake kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.