Kusaini tu hakumnyimi mtu rufaa

Waheshimiwa mawakili, waendesha mashtaka, na ninyi wanafunzi wa sheria, habari za asubuhi. Vifungu vya 194A hadi 194H vya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania, vya makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, mnavijua, vimeingia mwaka 2019, sina haja ya kuvisimulia. Natumia namba tulizozoea kabla ya toleo jipya la sheria. Nimekuja na jambo lilelile mlilokwisha kulisikia kwangu: saini ya mshtakiwa peke yake haitoshi kumfungia rufaa.

Kifungu cha 194E kinataka mshtakiwa aapishwe kabla makubaliano ya kukiri kosa hayajarekodiwa. Mahakama iseme naye kwa lugha anayoielewa. Imwambie anaachilia haki ya shauri lake kusikilizwa lote, na anaachilia rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Sasa fungua jalada. Unakuta mstari mmoja: "Mshtakiwa ameelezwa haki zake na ameelewa." Haki ipi? Kwa lugha gani? Alijibu nini? Mama wa Kisafwa ambaye Kiswahili anakitumia sokoni tu, aliambiwaje neno "uhalali wa adhabu", na mkalimani aliapishwa? Jalada liko kimya, halafu mwendesha mashtaka anasimama Mahakama Kuu kusema rufaa haipo!

Hakimu aandike swali na jibu. "Unajua kwamba ukikubali leo hutaweza kwenda Mahakama Kuu kusema hukutenda kosa?" "Najua." "Ni kitu gani bado unaweza kukikatia rufaa?" "Kifungo, kama kimezidi sheria." Maneno yawe yake mwenyewe. Kuandika maneno ya mshtakiwa anapokiri tumefundishwa tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973. Kwa nini tulegee pale anapotoa haki kubwa zaidi? Akijibu "sijui" au akanyamaza, simamisha, eleza upya, uliza tena. Mwendesha mashtaka asione hakimu anamchelewesha. Kurasa mbili za maswali na majibu hayo ndizo zitakazomlinda rufaa ikija.

Mtu ataniuliza: ukiacha milango wazi, makubaliano yana faida gani? Sipingi makubaliano hata kidogo. Yanapunguza msongamano wa mahabusu, na mtu aliyekubali kwa kujua abaki na alichokubali. Ila yapo mambo ambayo pande mbili haziwezi kuyapatana. Chukueni kesi za nyara za serikali, kama meno ya tembo, ambazo sisi tunaopakana na Hifadhi ya Ruaha tunazifahamu. Hilo ni kosa la uhujumu uchumi. Mahakama ya chini inahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) chini ya kifungu cha 26 na hati ya kuipa mamlaka chini ya kifungu cha 12, vyote vya Sura ya 200, sheria ya uhujumu uchumi. Karatasi hizo zikikosekana, mahakama haikuwa na mamlaka, na mshtakiwa kukiri au kuahidi kutokata rufaa hakuipi. Thamani ya nyara ikizidi shilingi milioni 20, hata majadiliano yenyewe yanataka ridhaa ya DPP ya maandishi. Kagueni jalada kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sababu nne za kesi ya Laurent Mpinga, 1983, zinazomruhusu aliyekiri kukata rufaa, ziliwekwa kwa ajili ya kukiri kwa kawaida. Kwa maoni yangu zinafaa hapa pia.

Lingine haraka, maana muda unakwisha. Mfungwa akiambiwa "wewe ulisaini", anakaa. Siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa zinapita, 45 za kuwasilisha sababu zinafuata, na adhabu yake ilikuwa batili. Wakili, mteja akikuambia anataka rufaa, wasilisha kusudio. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwishasema hivyo mwaka 2019 katika Garza dhidi ya Idaho: wakili asiyewasilisha amemkosea mteja, hata kama mteja alisaini kuachilia rufaa.

Na aliyelazimishwa au kudanganywa asikimbilie rufaa kwanza. Kifungu cha 194G kinampa maombi ya kutengua, kwenye mahakama ileile iliyotoa adhabu. Mengine ya 194F, kinachotaja makosa yasiyoingia kwenye makubaliano, sikuyafikia. Tuyaingize kwenye maswali.