Uzazi wa kwanza katika kituo cha wakunga: tuizungumze rufaa mapema

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia mama anayetarajia kujifungua kwa mara ya kwanza katika kituo kinachoongozwa na wakunga, yaani mahali ambapo mkunga ndiye mwenye dhamana tangu uchungu unapoanza hadi mtoto anapopata ziwa la mama, na daktari hafuatwi ila inapobidi. Dada Salome, wewe ni mkunga wa miaka mingi. Je, ni salama kwa mtu ambaye hajawahi kuzaa?

SALOME: Ahsante, dada Rehema. Kwanza tuulize ni mama yupi. Kituo cha aina hii kimekusudiwa mjamzito mwenye afya njema, mwenye mtoto mmoja tumboni aliyetanguliza kichwa, ambaye mimba yake imetimiza wiki 37, na ambaye hana shinikizo la juu la damu, kisukari wala kovu la upasuaji wa uzazi. Kwa wanawake wa namna hiyo, utafiti mkubwa wa nchini Uingereza uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia uzazi zaidi ya 64,000, haukuona tofauti ya maana katika madhara kwa watoto kati ya vituo vya wakunga na wodi zinazoongozwa na madaktari, hata kwa waliokuwa wakizaa mara ya kwanza. Tena, waliokwenda kwa wakunga walifanyiwa upasuaji na kuongezewa njia kwa uchache zaidi.

REHEMA: Utafiti huohuo una takwimu nyingine ambayo, kwa maoni yangu, mama hapaswi kufichwa. Kati ya waliokuwa wakizaa mara ya kwanza, takriban 36 katika kila 100 walihamishiwa wodi za madaktari kutoka vituo vilivyojitenga na hospitali, na takriban 40 kutoka vile vilivyo ndani ya eneo la hospitali.

SALOME: Ni kweli, ilhali kwa waliokwisha kuzaa, wanaohamishwa ni wachache mno kuliko hao. Mimi humwambia mama takwimu hiyo kliniki, miezi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu asiyeisikia mapema huja kuiona rufaa kama aibu. Mtu anapofikiria kuhamishwa, hupata picha ya gari la wagonjwa na king'ora, lakini sababu inayoongoza kwa uzazi wa kwanza ni uchungu kwenda polepole, na wapo pia wanaoomba ganzi ya mgongoni, ambayo haitolewi kituoni kwa kuwa huhitaji mtaalamu wa usingizi. Dharura zipo: mapigo ya moyo ya mtoto kubadilika, au damu kumtoka mama kwa wingi. Hizo hazingojewi.

REHEMA: Nani anaamua kwamba uchungu unakwenda polepole? Maana wengi hufika mlangoni wakiwa wamekesha na maumivu, wakapimwa, wakaambiwa warudi nyumbani, wakaona wamedharauliwa.

SALOME: Hapo ndipo penye kazi yetu kubwa. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu wenyewe huhesabiwa kuwa umekolea mlango wa kizazi unapofikia sentimita 5, na kwamba ile desturi ya kumdai kila mama afunguke sentimita 1 kila saa isitumike kama kipimo cha kuamua nani ana tatizo. Kwa uzazi wa kwanza, kipindi hicho kilichokolea kwa kawaida hakizidi saa 12, na kusukuma kunaweza kuchukua hadi saa 3. Sasa, mama aliyelazwa akiwa na sentimita 2 ataanza kuhesabiwa saa kabla saa zenyewe hazijaanza, na ndiyo sababu mkunga mzuri humshauri akapumzike, ale, anywe, atembee, huku akijua wazi dalili za kumrudisha mara moja: damu, maji kutoka, au mtoto kupunguza kucheza.

REHEMA: Lakini uvumilivu huo unaweza kuwa uzembe uliovikwa jina zuri.

SALOME: Unaweza, ikiwa haukuambatana na kupima. Kumwacha mama achague mkao wake, awe amechuchumaa, amepiga magoti au amekaa ndani ya maji ya uvuguvugu, si kumwacha peke yake. Tunasikiliza moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30, na anapoanza kusukuma, kila dakika 5. Tunapima shinikizo la damu na joto, na yote huandikwa. Mkunga anayekwambia kila kitu kiko sawa bila kukuonyesha alichoandika, mimi simwamini.

REHEMA: Basi mama anayekwenda kukitazama kituo aulize nini? Naona wengi huvutiwa na vyumba na mapazia.

SALOME: Mapazia ayatazame akipenda, ila aulize rufaa. Hospitali inayowapokea ni ipi, na safari huchukua muda gani usiku? Usafiri uko tayari au huitwa? Mkunga husafiri naye? Kisha aulize kama wana sindano ya oksitosini, ambayo huchomwa mara mtoto anapozaliwa ili kuzuia mama asipoteze damu nyingi, na kama wana vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua vizuri. Kituo kisichojibu haya waziwazi, asikichague.

REHEMA: Na akihamishwa, anapoteza yote aliyoyatarajia?

SALOME: La. Mengi huenda naye hospitali: msindikizaji wake, na mara nyingi mtoto kulazwa kifuani mara anapozaliwa, kitovu kusubiriwa angalau dakika 1 kabla ya kubanwa, na kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa, ili asilazimike kuyaomba upya katikati ya maumivu.