Poti za Kasi kwa Kompyuta Kuukuu: Stima Kwanza

Mafundi wenzangu, nanyi mnaoendesha saiba na studio za picha, habari za kasi mnazijua. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, na ukinakili faili hasa unaambulia megabaiti 30 hadi 40. USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, ni gigabiti 5. Video za gigabaiti 64 zinazokula nusu saa kwenye poti ya zamani zitaisha kwa dakika 12 hivi, kama kisoma kadi za kamera chako kinatoa megabaiti 90 kwa sekunde. Hapo hatubishani. Ninachobishania ni jinsi tunavyozifunga kadi hizi za kuongeza poti za USB 3.0 kwenye kompyuta kuukuu.

Intel ilianza kuweka USB 3.0 ndani ya chipu zake za madabodi (bodi kuu ya kompyuta) mwaka 2012. Ndiyo maana mashine nyingi za mtumba za kabla ya hapo, hizi tunazonunua Luthuli Avenue na River Road jijini Nairobi, zina USB 2.0 tupu. Sloti ya PCI Express, ile nafasi ya kadi za ziada kwenye madabodi, ipo, kadi inaingia, hakuna haja ya kutupa kompyuta nzima. Balaa huanza fundi anapoliona tundu la stima kwenye kadi, akaliacha wazi. Ukimuuliza, atakujibu: "Mbona mausi inafanya kazi?"

Mausi inakula stima gani jamani? Pigeni hesabu. Poti moja ya USB 3.0 inatakiwa kutoa miliampea 900 kwa volti 5, yaani wati 4.5. Poti nne ni wati 18. Sloti fupi, ile ya x1, huipa kadi wati 10 inapoanza, tena haina hata pini moja ya volti 5. Ina volti 12 na 3.3 basi. Hiyo volti 5, kwenye kadi nyingi, huletwa na waya wa SATA au Molex (aina mbili za plagi za stima ndani ya kasha) kutoka pawa saplai. Usipouchomeka, poti zinapata makombo, au hazipati chochote. Diski ya nje ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kukaribia ampea 1. Volti inaporomoka, diski inalia tik-tik, inaonekana kwenye skrini, inapotea, inarudi. Mwenyewe anaambiwa diski imekufa, kisha inafomatiwa! Picha za harusi ya watu zinafutwa, na diski ilikuwa nzima, kwa sababu ya waya mmoja ambao fundi aliona uvivu kuuchomeka. Nitalisema hili hadi mlichoke.

Najua mtasema kasha dogo halina waya wa ziada. Ile DVD isiyotumiwa na mtu, kama ni ya ukubwa wa kawaida, mnyang'anye waya wake, au tumia kigawanyi cha SATA. Ukilazimika kununua adapta ya Molex kwenda SATA, chagua ambayo kila waya unaonekana ukibanwa peke yake kwenye kichwa. Zile zilizofunikwa kwa plastiki iliyomiminwa, nyaya zinaweza kugusana humo ndani, na adapta za namna hiyo zimewahi kushika moto.

Mwingine ataniuliza kwa nini asinunue hub, yaani kigawanyi cha USB cha nje, ya buluu yenye poti nne ayamalize. Hub haiongezi kasi. Ukiichomeka kwenye USB 2.0, vifaa vyote vinne vinagawana zile zile megabiti 480. Na rangi ya buluu isikudanganye: chungulia ndani ya tundu uone pini 4 za kawaida na nyingine 5 za ziada. Zikikosekana hizo 5, hiyo ni 2.0 iliyopakwa rangi.

Kufunga kwenyewe ni kazi rahisi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha. Kwa kasha jembamba, badilisha kibati cha kadi uweke kile kifupi kabla ya kuisukuma kwenye sloti. Kaza skrubu, chomeka stima, ndipo ufunike. Windows 7 inataka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya chipu iliyo kwenye kadi, kwa hiyo soma jina la chipu kabla hujafunika: Renesas, ASMedia, VIA. Windows 8 na kuendelea ina draiva yake, na Linux inayo tangu 2009.

Jaribu kwa faili moja kubwa, gigabaiti 8 hivi, usitumie folda ya vipicha vidogo. Kwenye Linux, andika amri lsusb -t: ukiona 5000M, yaani megabiti 5000, uko sawa, ukiona 480M, badilisha kebo kwanza, au chomoa kifaa ukichomeke tena kwa haraka, maana ukikisukuma polepole pini za 2.0 hugusana mapema na kinaweza kubaki kwenye kasi ya 2.0. Sloti ya x1 ya PCI Express ya kizazi cha kwanza nayo ina ukomo wa megabaiti 250 kwa sekunde, kadi iwe nzuri namna gani.

Muda umeniishia, kwa hiyo haya ni ya haraka. Kipokezi cha mausi isiyo na waya kiweke mbali na poti mpya, kwa kuwa USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye gigahezi 2.4, masafa ambayo mausi kama hizo huyatumia. Mashine nyingi za zamani haziwezi kuwaka kutoka flashi iliyo kwenye kadi, basi ukitaka kusakinisha mfumo, tumia poti za zamani. Kadi za gigabiti 10 tutaziongelea wakati mwingine. Sasa ifungueni ile mashine iliyo mezani, na wa kwanza anionyeshe waya wa stima uko wapi.