Ngoma Moja Tu, Halafu Kimya

GERVAS: Mwakeye, wasikilizaji. Huo mvumo mnaousikia nyuma msishtuke, ni mvua kwenye bati. Tuko Mwanga, Kigoma, chumba kilekile, na yule jogoo wa jirani yupo palepale.

ZAITUNI: Shikamoo kaka Gervas.

GERVAS: Marahaba mdogo wangu. Ukianza na adabu hivyo najua una jambo.

ZAITUNI: Sina jambo, nina orodha tu. Leo tunaongelea wasanii wa wimbo mmoja. Mtu katoa ngoma, dunia nzima imecheza, halafu kimya, humsikii tena. Anza wewe, maana nyingi zilitoka mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni.

GERVAS: Dharau hizo. Sawa. Mwaka 1996 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, hapo karibu na soko. Deki mbili, spika moja, na kalamu ya biki ya kurudishia kanda zilizolegea. Mteja analeta karatasi kaandika nyimbo anazotaka, mimi namjazia upande A na upande B, kesho yake anapitia. Sasa mwaka ule, Zai, kila karatasi ilikuwa na "Makarina". Wengine wanaandika "Makalena". Kuna mmoja kaandika tu "ule wa kushika kiuno".

ZAITUNI: (anacheka) Na ukamwelewa.

GERVAS: Nisimwelewe vipi? Mji mzima ulikuwa unashika kiuno.

ZAITUNI: Ulikuwa unajua wanaimba nini lakini?

GERVAS: Kihispania nitakijulia wapi mimi, mtoto wa Kasulu? Nilidhani dada anasifiwa uzuri wake.

ZAITUNI: Anasifiwa! Huyo Macarena ana mpenzi wake anaingia jeshini. Siku kijana anaapa mbele ya bendera, yeye yuko na marafiki zake wawili.

GERVAS: Marafiki wa nani?

ZAITUNI: Wa mpenzi wake!

GERVAS: Yesu na Maria. Huo wimbo tumeucheza kwenye harusi ya binamu yangu, padre yuko meza kuu. Tena na yeye alisimama.

ZAITUNI: Alishika kiuno?

GERVAS: Sitaki kesi na parokia. Tuendelee. Ninachotaka watu wajue ni kwamba Los del Río, wenye huo wimbo, hawakuwa watoto waliookota bahati barabarani. Ni wazee wawili wa Dos Hermanas, kamji kako jirani na Sevilla huko Hispania, na walikuwa wanaimba pamoja tangu miaka ya 60. Wimbo waliutoa 1993. Baadaye vijana wa Miami wanaoitwa Bayside Boys wakauchukua, wakaongeza midundo, wakaweka na sauti ya dada anayeimba Kiingereza. Mwaka 1996 ukakaa namba moja Marekani wiki 14. Sasa watu wazima wamefanya kazi miaka 30 na zaidi, wewe unakuja kuniambia ni wasanii wa wimbo mmoja?

ZAITUNI: Kaka, mimi nacheza muziki, sikagui vyeti. Nitajie wimbo wao wa pili.

GERVAS: ...

ZAITUNI: Wasikilizaji, huo ukimya mmeusikia. Haya, zamu yangu. Lou Bega, wa Mambo No. 5.

GERVAS: Aaa, yule wa kofia na suti nyeupe! Yule Mkuba.

ZAITUNI: Mkuba wa wapi? Huyo ni jirani yetu. Amezaliwa München, Ujerumani, mama Mwitaliano, baba Mganda. Jina lake David Lubega.

GERVAS: Lubega? Lubega ya Kampala?

ZAITUNI: Hiyohiyo. Kaikata katikati tu, Lou, halafu Bega.

GERVAS: Bega! Miaka yote hii nilikuwa naona ni jina la Kilatini, kumbe lilikuwa linasomeka mbele ya macho yangu.

ZAITUNI: Muziki wenyewe ndio wa Mkuba. Pérez Prado alirekodi Mambo No. 5 mwaka 1949, tarumbeta tupu, hakuna maneno. Lou Bega akaja 1999, akachukua ile midundo, akapanga majina ya wanawake juu yake, ikafika namba moja Uingereza, Ujerumani, Ufaransa.

GERVAS: Tena hapa mjini kulikuwa na mpiga muziki mmoja wa maharusini, yule alikuwa anapunguza sauti kwenye majina halafu anashika maiki anataja ya kwetu. Mwajuma, Ndayiziga, Sikujua. Siku moja kataja jina la mke wa mtu mara mbili. Harusi iliishia hapo.

ZAITUNI: Kwa hiyo Lou Bega kavunja harusi Kigoma na hana habari.

GERVAS: Hajui. Ila naye umenipa ushahidi bila kutaka. Ule wimbo una miaka 50 ndani yake. Na Lambada je? Kaoma, 1989, kundi la Ufaransa. Wote tukadhani ni mali yao. Kumbe wimbo wenyewe ni wa Los Kjarkas, Wabolivia, waliuimba 1981, taratibu, wa majonzi kabisa, mtu analia kwa kuachwa. Wabolivia wakaenda mahakamani na haki yao wakaipata.

ZAITUNI: Wa majonzi? Ule wa kukata mauno?

GERVAS: Usikilize wa kwao usiku, peke yako, halafu uniambie.

ZAITUNI: Sitaki. Hapo ndipo tunapotofautiana, kaka. Wewe unapenda kuchimba mpaka ukute aliyeonewa. Mimi napenda kwamba wimbo umekuja, umetupiga, umeondoka, na msanii hajakaa kutuchosha na albamu sita. Kama samaki mgebuka wa kuchoma pale Kibirizi. Ukishaumaliza huulizi ukoo wake.

GERVAS: Muha anauliza ukoo wa kila kitu, we Mmanyema endelea kula tu.

ZAITUNI: (anacheka) Sawa, sasa nisikilize, maana huu ndio wangu wa moyoni. Las Ketchup, na wimbo wao Aserejé, 2002. Dada wa tumbo moja, wa Córdoba, Hispania. Baba yao mpiga gitaa la flamenko, jina lake la kazi El Tomate, yaani Nyanya.

GERVAS: Baba Nyanya, watoto wakawa Ketchup.

ZAITUNI: Ndiyo hivyo! Unakumbuka kile kiitikio kisichoeleweka? Nilikiimba nikiwa shule ya msingi nikijua ni Kihispania. Wahispania nao hawakielewi, kwa sababu si lugha yoyote. Wimbo unamhusu kijana anaitwa Diego. Anaingia klabu, dijei anampigia wimbo anaoupenda kuliko zote, Rapper's Delight, ile rap ya Wamarekani ya 1979. Diego Kiingereza hajui. Anaimba hivyohivyo, kadiri sikio lake lilivyodaka. Kile kiitikio ni Kiingereza cha Diego.

GERVAS: Subiri. Subiri kwanza. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunakosea maneno ya mtu ambaye naye amekosea maneno?

ZAITUNI: Ya mtu ambaye naye amekosea! Ndiyo maana naupenda. Kaka, Diego ni wa Kigoma. Sisi tumekulia kando ya ziwa, ng'ambo ni Kongo, Kilingala kinaingia redioni mchana na usiku. Nani hapa hajaimba Kilingala bila kujua neno?

GERVAS: Usiniulize mimi. Kuna wimbo niliwarekodia watu kwenye kanda za mapenzi miaka kumi. Kanda za zawadi, mtu anampelekea mchumba wake. Juzi juzi hapa mama mmoja muuza vitenge wa kutoka Uvira akanisikia naupiga mluzi, akanipa pole. Namuuliza pole ya nini. Anasema, si unaomboleza? Kumbe jamaa anamlilia mjomba wake aliyekufa.

ZAITUNI: (anacheka sana) Wangapi wameoana kwa huo msiba!

GERVAS: Wengi, na watoto wanao. Lakini kuna moja sitoki bila kuisema. Kuna orodha za Wamarekani za wasanii wa wimbo mmoja, ukizisoma unaweza kumkuta Miriam Makeba.

ZAITUNI: Makeba?

GERVAS: Kwa sababu ya Pata Pata. Ilifika namba 12 kwao mwaka 1967, na baada ya hapo hawakumpandisha tena huko juu. Mama aliyeimba Malaika, aliyepata Grammy na Harry Belafonte, mama wa Afrika nzima, eti wimbo mmoja.

ZAITUNI: Hapo sikupingi. Hapo wamekosea hesabu.

GERVAS: Si hesabu, ni mahali walipokaa wakihesabu! Na wewe na huo mgebuka wako ndivyo unavyofanya.

ZAITUNI: Pole, nimekubali kwa Makeba. Kwa Lou Bega sijakubali. Wasikilizaji, tutumieni sauti, dakika moja isizidi, mtuambie wimbo wenu. Na sisi wa Kigoma tunao wetu: Leka Dutigite, 2012, wasanii wenye asili ya huku wamejazana wimbo mmoja, Diamond Platnumz akiwemo.

GERVAS: Lile kuanzia mwanzo lilikuwa kundi la wimbo mmoja. Hakuna wa kulaumiwa. Zai, kabla hujazima, nimekuja na kitu. Nilikuwa nasafisha sanduku nyumbani.

ZAITUNI: Kanda! Bado unazo? Imeandikwaje... "Ule wa kushika kiuno."

GERVAS: Hakurudi kuichukua. Ndugu yangu, kama uko hai na unanisikia, kanda yako ninayo, pande zote mbili zimejaa. Na ile nusu ya hela bado unadaiwa.