Ulikaa Wapi?

FUNDI: Wasikilizaji, karibuni kipindini. Mimi fundi wa sauti, na mwalimu wa kwaya yupo hapa. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba. Leo umekuja na karatasi, kuna usalama kweli?

FUNDI: Mambo matano ya kumwandaa mtu wa solo. Nimeyaandika kabisa ili usinipoteze njia.

MWALIMU: Haya. Soma.

FUNDI: Tuanzie Jumapili kwanza. Nilikuwa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, parokia moja hivi, siitaji. Kwaya imeimba Kyrie, yaani Bwana utuhurumie, na Sanctus, yaani Mtakatifu, za Missa Luba, ile misa ya Kilatini kwa mtindo wa Waluba wa Kongo. Waimbaji arobaini, ngoma tatu, kayamba, na kijana mmoja wa solo. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Wa kwanza anasema, "Yule kijana ameniliza." Wa pili, "Yule kijana kawafunika wenzake, kwaya ilikwenda kufanya nini?" Wa tatu anadai amesikia ngoma tu.

MWALIMU: Huyo wa tatu alikaa wapi?

FUNDI: Nyuma kabisa, chini ya roshani.

MWALIMU: Basi kesi yake imekwisha.

FUNDI: Haijaisha, wasikilizaji hawajui kwa nini. Spika zangu zimefungwa juu kwenye nguzo. Aliyekaa chini ya roshani spika hazimwoni, ukingo wa roshani umemkinga. Maneno yanabebwa na sauti nyembamba, hizi s, t, k, nazo zikikutana na kizuizi haziendi mbali. Mvumo wa ngoma na besi unazunguka kizuizi na kumfuata hapo hapo alipo. Kwa hiyo hakudanganya. Alisikia ngoma.

MWALIMU: Na aliyelia?

FUNDI: Safu ya sita, katikati.

MWALIMU: Hapo hata mimi ningelia. Na mlalamikaji?

FUNDI: Safu ya kwanza kulia, mita tatu kutoka kwenye spika.

MWALIMU: Fundi! Mtu amekaa mdomoni mwa spika halafu anatoa hukumu juu ya uwiano wa sauti?

FUNDI: Nimtetee kidogo. Solo ameshika maiki sentimita tano kutoka mdomoni. Ukiisogeza karibu hivyo, maiki inaongeza uzito chini, sauti inakuwa nene kuliko ilivyo. Kwaya ina maiki mbili za kondensa, zile zinazonasa sauti ya mbali, kwenye stendi, mita moja mbele ya safu ya kwanza, zimeinuliwa juu ya vichwa na kuelekezwa safu ya nyuma. Kati ya maiki na maiki ni mita tatu.

MWALIMU: Kwa nini tatu?

FUNDI: Kanuni ni kwamba nafasi kati ya maiki mbili iwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na mwimbaji. Ukizibananisha, sauti moja inaingia kote kuwili kwa kupishana kidogo, na kwaya inasikika kama inaimbia ndani ya bomba.

MWALIMU: Sasa si ungezipandisha hizo mbili?

FUNDI: Nilipandisha. Spika zikaanza kupiga mluzi, na ngoma zikaja juu kuliko kwaya. Walikuwa wamezipanga nyuma ya sauti ya pili. Maiki inayotazama safu ya nyuma inatazama na ngoma. Ngoma zilitakiwa zikae pembeni, mbele kidogo ya mstari wa maiki. Maiki hizi hazisikii vizuri kisogoni, basi unazipa ngoma kisogo.

MWALIMU: Jumamosi mlipofanya mazoezi hukuliona hilo?

FUNDI: Jumamosi kanisa lilikuwa tupu. Sakafu ya vigae, kuta za saruji, sauti inarudi kila upande, kwaya inanenepa yenyewe. Jumapili wameingia watu mia sita na nguo zao, wameinywa ile sauti yote. Kwaya ikakonda. Solo na maiki yake akabaki vile vile.

MWALIMU: Soma ujumbe mwingine.

FUNDI: "Binafsi niliona sauti ya nne haikuwepo kabisa."

MWALIMU: Ulikaa wapi, mpendwa?

FUNDI: Kaandika hapa chini: "Nimeangalia kwenye simu."

MWALIMU: Yesu wangu.

FUNDI: Kispika cha simu hakina ubavu wa kutoa besi, na sauti ya nne ndiyo besi. Halafu simu inapojirekodia inajipunguza na kujipandisha yenyewe. Solo akipaza, inabana kila kitu, kwaya inazama. Akinyamaza, kwaya inaibuka ghafla. Msikilizaji anadhani mwalimu wao hajui kuongoza. Mwingine huyu: "Alizidi sana kupindapinda nota. Missa Luba haiimbwi hivyo."

MWALIMU: Huyu simuulizi alikaa wapi. Huyu niko naye.

FUNDI: Nilijua tutafika hapa.

MWALIMU: Sikia. Kwenye Kyrie solo anaita, kwaya inapokea. Nota yake ya mwisho ndiyo mlango. Sauti ya pili wamejifunza kuchukua nota yao ya kwanza kutoka hapo. Kijana wako alitakiwa aishie kwenye mi, akapanda akaishia so. Sauti ya pili wakaingia juu pamoja naye, sauti ya tatu wakakaa walipofundishwa. Hapo ilipita karibu mistari miwili kabla hawajaelewana.

FUNDI: Lakini hiyo misa ilizaliwa bila nota, Mwalimu. Kamina, Katanga, mwaka 1958. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, na vijana wake wa Troubadours du Roi Baudouin. Waliijenga kwa kuimba. Joachim Ngoi aliyeimba solo alikuwa akitunga pale pale kinywani. Nota zimekuja baadaye, watu wameketi na santuri wakaandika walichosikia. Sasa unamfunga mtu kwa maandishi ya kitu ambacho mwenyewe hakukiandika?

MWALIMU: Ngoi alikuwa huru ndani ya nyumba yake. Ile Kyrie imekaa kwenye kasala, wimbo wa maombolezo. Yeye ameukulia, na kwaya nyuma yake imeukulia. Akipinda, wanajua anakwenda wapi. Kijana wako ameusikia kwenye rekodi. Anachopinda ni mapambo ya mtu mwingine, na kwaya yake imejifunza kwa do-re-mi ubaoni. Uhuru huo ni wa mtu mmoja, arobaini wanaulipia.

FUNDI: Basi afundishe kwaya kumsikiliza.

MWALIMU: Kwa mazoezi mangapi? Jumatano na Jumamosi, saa mbili mbili, na nusu yao wanachelewa daladala. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, waliirekodi. Sikiliza nidhamu ile, mwito na mwitikio unafunga kama mlango wa jokofu.

FUNDI: Ni safi, sibishi. Ila mimi nikisikiliza ile ya 1958 nywele zinasimama. Inaponyanyuka kwenye Hosana, ule mwendo wa ngoma ya Kasai, huko huko Kongo, hakuna anayehesabu.

MWALIMU: Wanahesabu. Wewe ndiye huwasikii wakihesabu.

FUNDI: Kama hawezi kupinda Kiluba, apinde kwa kwao. Wagogo wa Dodoma wanaimba sauti nyingi tangu zamani bila ubao. Alete hiyo.

MWALIMU: Alete, ila asiiite Missa Luba.

FUNDI: Na jina ndilo litakalomzuia mtu kuimba vizuri?

MWALIMU: Litamzuia kudanganya.

FUNDI: Sikubali.

MWALIMU: Mimi ndiyo kabisa. Ile "so" ilikuwa kosa.

FUNDI: Mimi nilikuwepo, ilikuwa tamu. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Na wewe, samahani dada yangu... ulikaa wapi?

MWALIMU: ...

FUNDI: Wasikilizaji, Mwalimu ananitazama.

MWALIMU: Niliangalia video.

FUNDI: Kwenye nini?

MWALIMU: Kwenye simu. Lakini so ni so, hata kwenye simu!

FUNDI: Sauti ya tatu uliisikia?

MWALIMU: Nimesikia mgongano. Mgongano hauhitaji spika kubwa.

FUNDI: Haya, tunaliacha hapo hapo lilipo. Dakika zimebaki mbili, na mambo yangu matano...

MWALIMU: Soma la kwanza basi.

FUNDI: La kwanza ni monita, ile spika ya kumrudishia mwimbaji sauti ajisikie. Lina vipengele vinne. Halitoshi. Wiki ijayo.

MWALIMU: Wiki ijayo ulisema wiki iliyopita. Kuna ujumbe wa mwisho?

FUNDI: Upo, umeingia sasa hivi. Anasema, "Asanteni kwa kunijadili."

MWALIMU: Alikaa wapi?

FUNDI: Hakukaa. Ndiye solo mwenyewe.

MWALIMU: Ehe! Anasemaje?

FUNDI: Anauliza kama baada ya ile so kwaya iliingia, maana yeye hakuwasikia.

MWALIMU: Fundi. Kwenye monita yake ulimwekea nini?

FUNDI: Sauti yake.

MWALIMU: Na kwaya?

FUNDI: Muda umetuishia, ndugu wasikilizaji.