Kadi imeingia kwenye rafu, lakini haisikii

Ndugu mafundi na wanafunzi wa Lubumbashi, karibuni. Rafu za udhibiti wa mitambo hukaa miaka mingi, na kadi za kubadilisha huja za kila aina. Kadi ikiingia vizuri kwenye sloti, msiseme kwamba inafaa. Ulizeni kwanza volti tatu: ishara ikiwa chini, ikiwa juu, na kizingiti cha kipokezi, yaani volti inayotenganisha sifuri na moja.

TTL, BTL na GTLP ni aina tatu za ishara za kadi, kila moja na volti zake. TTL husoma sifuri chini ya volti 0,8 na moja juu ya 2,0. BTL, ambayo IEEE (chama cha wahandisi wa umeme) iliisanifisha mwaka 1991 kwa nambari 1194.1, hupumzika kwenye 2,1 na kushuka hadi karibu 1,0. Kizingiti chake ni 1,55. GTLP hupumzika kwenye 1,5, hushuka hadi karibu 0,5, na kizingiti chake ni 1,0.

Tuseme mmechomeka kadi ya GTLP kwenye ubao wa BTL, yaani ubao wa nyuma ya rafu unaounganisha kadi. Sifuri ya BTL, volti 1,0, inaangukia palepale kwenye kizingiti cha GTLP, kwa hiyo kipokezi kinayumba. Geuzeni: kadi ya BTL kwenye ubao wa GTLP. Moja ya GTLP ni 1,5, na kizingiti cha BTL kinaruhusiwa kuwa popote kati ya 1,47 na 1,62. Huu ni ubovu mbaya, maana leo kadi inasoma, kesho inakosea. TTL moja kwa moja kwenye BTL ni hatari zaidi: BTL huvuta chini tu, TTL husukuma juu, na chipu mbili zinapigana kwenye waya mmoja.

Kabla ya kuchomeka, ondoeni kadi zote, washeni umeme, mpime waya wa basi, yaani nyaya ambazo kadi zote hushiriki. Ukionyesha 2,1, ubao ni wa BTL. 1,5, shukuni GTLP. Kisha zimeni, mpime omu kati ya waya na reli ya volti hiyo. Rezista za omu 33 kwenye ncha zote mbili hutoa 16,5. Mkiona 33, ncha moja haina rezista: volti itaonekana sawa, lakini ishara zitarudi kama mwangwi. Kwa 16,5, kushusha waya kutoka 2,1 hadi 1,0 kunahitaji miliampea 67 hivi. Chipu ya kawaida ya miliampea 24 haiwezi.

Kuunganisha mbao mbili, piteni kwenye TTL katikati: SN74FB2033 upande wa BTL, SN74GTLPH1655 upande wa GTLP. Someni kama chipu inageuza sifuri kuwa moja. Mwelekeo uamuliwe na waya wa udhibiti, upande mmoja kwa wakati. Mkifungua pande zote mbili pamoja, sifuri ikivuka inarudi ilikotoka, inajishikilia, na basi haiachii tena hadi mzime umeme. Kwa hiyo nyaya za kuomba zamu, ambazo kadi yoyote inaweza kuzivuta, msizipitishe hapo. Kila ombi lipewe waya wake wa kwenda upande mmoja tu.