Faini ya Mfumaji: Mgomo wa Morozov, 1885

Ndugu zangu, kila tukigusa migomo ya viwandani katika Urusi ya kina Tsar, yaani wafalme wake, lazima mtu aulize: nani aliwachochea? Kisha anamtaja Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya 1917. Januari 1885 Lenin alikuwa mvulana wa miaka 14, yuko shuleni Simbirsk! Mimi nawaomba, kabla ya kumtafuta mchochezi, tufungue daftari la mshahara.

Twende Nikolskoye, mkoa wa Vladimir, kwenye kiwanda cha nguo cha Timofei Morozov. Kati ya 1882 na 1884 viwango vya malipo vilipunguzwa mara tano. Lakini kilichowachoma watu zaidi ni faini, na hapa sitapita haraka.

Mfumaji analipwa kwa kazi aliyomaliza. Anabeba jora lake hadi meza ya mapokezi. Mkaguzi analikunjua, analipitisha mikononi: hapa uzi umeruka, pale pana pengo. Faini. Sasa fikirini kazi yenyewe. Uzi wa mtande, ule unaotandazwa kwa urefu mtamboni, ukikatika, mfumaji asimamishe mtambo, aunge uzi, aanze tena. Uzi ukiwa dhaifu utakatika tena na tena, na alama itabaki kwenye kitambaa hata mikono iwe hodari vipi. Uzi katoa tajiri, faini kalipa mfumaji. Na fedha hizo zilikwenda wapi? Kwa tajiri huyo huyo, maana hapakuwa na sheria ya kumzuia. Anayehukumu kosa ndiye anayefaidi kosa likipatikana! Ndiyo maana faini zilimega hadi robo ya mshahara, na wapo waliopoteza nusu.

Najua mtasema: kitambaa kibovu ni hasara, mwenye mali afanyeje? Basi someni madai yao. Hawakudai faini ifutwe. Walitaka isizidi kopeki 5 kwa kila rubli, yaani tano katika mia, na ubovu wa kitambaa ushuhudiwe na wafanyakazi waliosimama karibu, kisha uandikwe kwenye daftari la mapokezi. Shahidi na maandishi, basi. Huo ndio ukorofi wao?

Januari 7, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, ilikuwa sikukuu, na Morozov akaigeuza siku ya kazi. Mitambo ikazimwa, watu wapatao 8,000 wakagoma. Duka la chakula la kiwanda likavunjwa, na nyumba ya Shorin, msimamizi wa wafumaji, ikavamiwa. Wanajeshi wakaja. Zaidi ya watu 600 wakakamatwa na kurudishwa vijijini kwa nguvu.

"Lakini Moiseyenko, mfumaji aliyeongoza mgomo, alikuwa mwanamapinduzi!" Ndiyo, alikuwa. Alipitia Umoja wa Kaskazini wa Wafanyakazi wa Urusi, chama cha siri cha wafanyakazi, akapelekwa uhamishoni Siberia, akarudi. Alichowaletea wenzake ni utaratibu: madai yaandikwe, yasomwe, apatikane wa kuyakabidhi. Mfumaji Volkov akayakabidhi kwa gavana mkononi, na akatiwa mbaroni. Hasira ilikuwepo kabla yao wote wawili.

Mei 1886, mjini Vladimir, washtakiwa 33 walisimama mbele ya raia walioteuliwa kuamua kesi. Maswali ya hatia yalikuwa 101. Yote 101 yalijibiwa: hawana hatia. Juni 3 ikatoka sheria: faini zisizidi theluthi ya mapato, fedha zake ziwekwe kwenye mfuko wa mahitaji ya wafanyakazi, mshahara usilipwe kwa bidhaa. Lakini sheria hiyo hiyo ikampa kiongozi wa mgomo kifungo cha miezi 4 hadi 8. Mnaona? Ukidai kopeki zako kwa kugoma, unakuwa mhalifu mbele ya serikali. Ugomvi na tajiri ukageuzwa ugomvi na Tsar, na waliougeuza ni watunga sheria wenyewe.

Muda unanibana. Mwaka 1896 wafumaji na wasokota nyuzi wapatao 30,000 wa St. Petersburg waligoma, kwanza walidai malipo ya siku za kutawazwa kwa Tsar, kisha saa za kazi zipunguzwe. Juni 1897 siku ya kazi ikawekewa kikomo cha saa 11 na nusu. Padri Gapon na maandamano ya wafanyakazi aliyoyaongoza Januari 9, 1905, yaliyopigwa risasi na wanajeshi, tutayachukua kipindi kijacho, na tutaanzia kwa wafanyakazi wanne waliofukuzwa kazi kiwanda cha Putilov, St. Petersburg.